Utabiri wa abiria wa ndege umekwenda kombo? Anza kwa kuuliza umemhesabu nani

Makadirio ya abiria yanapoachana na hali halisi, mchambuzi hukimbilia modeli. Anabadilisha fomula, anaongeza kigezo, anajaribu programu nyingine. Mara nyingi modeli haina hatia. Ndani ya tarakimu moja ya "abiria wa uwanja" wamo watu wa aina mbili, na hawafuati bwana mmoja.

Wa kwanza nitamwita abiria wa mji: safari yake inaanzia hapo au inaishia hapo. Huyu anafuata uchumi, idadi ya watu, bei ya tiketi na likizo. Wa pili ni abiria wa kuunganisha: anashuka ndege hii, anapanda ile, na mji wenyewe anauona kupitia kioo tu. Huyu anafuata ratiba ya shirika la ndege. Shirika likihamisha ndege zake kesho, naye anahama, hata kama uchumi wa mji unakua kwa kasi ya kupigiwa mfano.

Dalili zilizo hapa chini nimezipanga kwa jinsi ninavyozichunguza. Zile za hesabu zinatangulia kwa sababu zinatibika kwa saa chache, na kwa sababu nimeona watu wakitunga nadharia nzito juu ya kosa la kuhesabu.

Idadi yako ni nusu ya ile ya mwenzako, au maradufu

Hapa usiguse modeli kabisa. Takwimu nyingi za Marekani huhesabu waliopanda ndege peke yao. Kwingineko kwingi huhesabiwa waliopanda na walioshuka kwa pamoja. Ukichukua mwaka mmoja kutoka chanzo cha kwanza na mwingine kutoka cha pili, utapata "ukuaji" wa asilimia mia bila mtu mmoja kuongezeka.

Abiria wa kuunganisha analeta mtego mwingine. Kwa utaratibu wa Baraza la Kimataifa la Viwanja vya Ndege, ACI, anahesabiwa mara mbili: aliposhuka na alipopanda. Anayebaki kwenye safari ileile ya ndege, inayotua kwa muda kisha kuendelea, anahesabiwa mara moja. Kwa hiyo Atlanta iliporekodi abiria zaidi ya milioni 110 mwaka 2019, hiyo haikuwa na maana ya watu milioni 110. Sehemu kubwa yao walikuwa wakiunganisha, kila mmoja akiacha alama mbili kwenye daftari.

Chunguza pia mwaka unaanza lini. Makadirio ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, hufuata mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza tarehe 1 Oktoba. Ukiulinganisha na mwaka wa kalenda katika kipindi cha mabadiliko ya haraka, tofauti inaweza kumeza ukuaji wote unaotafuta. Kisha kuna watoto wachanga wasiokalia kiti na wafanyakazi wanaosafiri bure, ambao baadhi ya vyanzo huwahesabu na vingine huwaacha. Andika juu kabisa ya lahajedwali lako, kwa sentensi moja, ni nani anahesabiwa na mara ngapi. Sentensi hiyo imeniokoa kuliko modeli yoyote.

Mfululizo unaruka ghafla katika mwezi mmoja, na hakuna habari yoyote iliyotokea

Tazama herufi tatu za uwanja, yaani msimbo unaoutambulisha kwenye data. Istanbul ni mfano wa kufundishia. Tarehe 6 Aprili 2019 safari za abiria zilihamia uwanja mpya, na herufi IST zikahama pamoja nazo. Uwanja wa zamani wa Atatürk ukapewa ISL. Aliyechuja data kwa IST peke yake ana viwanja viwili ndani ya mstari mmoja. Berlin nayo ilifungua uwanja wake mpya, BER, mwishoni mwa Oktoba 2020, na Tegel ukafungwa mwezi uliofuata. Kuna pia herufi za jiji zima, kama LON kwa London au NYC kwa New York, ambazo hujichanganya na za uwanja mmoja mmoja na kuhesabu watu walewale mara mbili.

Dawa ni kujenga jedwali la viwanja lenye tarehe za kuanza na kuisha kwa kila msimbo, na kutabiri kwa jiji kwanza kabla ya kugawa kwa uwanja.

Ndege za njia fulani zimejaa, ila tiketi za miji hiyo miwili ni chache

Hapa ndipo abiria wa kuunganisha anapojitokeza waziwazi. Idadi ya watu waliomo ndani ya ndege kati ya A na B si sawa na idadi ya watu wanaotaka kutoka A kwenda B. Ikiwa B ni kitovu cha shirika, yaani uwanja ambako linakusanya abiria wake na kuwabadilishia ndege, wengi waliomo wanaelekea C, D na E. Anayekadiria uhitaji wa njia kwa kuhesabu waliokaa kwenye viti atashauri ndege ya ziada, na shirika jingine lisilo na miunganisho B likiingia kwa tarakimu hizo litaruka na viti vitupu.

Unahitaji vyanzo viwili vikae meza moja: takwimu za kila mruko na takwimu za safari nzima ya tiketi. Kila kimoja kina upofu wake. Nchini Marekani uchunguzi wa tiketi kwa miaka mingi ulichukua moja kati ya kila kumi. Kwa njia kubwa hilo linatosha. Kwa njia nyembamba iliyopata tiketi 9 kwenye sampuli, makadirio ni abiria 90, lakini kosa la kawaida la sampuli ni takriban 30 kila upande, na kubishana kama njia imekua kwa asilimia 10 ni kupoteza muda. Data za mifumo ya mawakala wa tiketi nazo haziuoni uuzaji unaofanyika moja kwa moja kwenye tovuti za mashirika. Mashirika ya bei nafuu, ambayo huuza zaidi kwa njia hiyo, yanaweza kukosekana karibu yote.

Kuna sura nyingine ya dalili hiihii: abiria wa mji wanaongezeka kuliko mji wenyewe unavyoweza kueleza. Watafute wanaojiunganishia wenyewe, yaani walionunua tiketi mbili tofauti na kubeba mizigo yao kutoka upande wa kufika hadi upande wa kuondoka. Kwenye takwimu za tiketi mtu huyu ni safari mbili zilizokamilika. Kumpata unahitaji kuwauliza watu ukumbini, hakuna njia ya mkato.

Machi unazidisha, Aprili unapungukiwa, na mwakani inakuwa kinyume

Sikukuu zinazohama. Pasaka huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, na Idi el-Fitri ikafika karibu na Aprili 10. Mwaka 2025 zikabadilishana nafasi: Idi ikaja mwisho wa Machi, Pasaka Aprili 20. Modeli inayodhani Machi ya kila mwaka inafanana na Machi nyingine haina namna ya kujua.

Pasaka bado ina nafuu, inacheza ndani ya miezi miwili. Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka na kuzunguka kalenda nzima kwa miaka 33 hivi, kwa hiyo vigezo vya msimu vilivyojifunza kutoka miaka kumi iliyopita havina msaada. Weka kigezo cha siku: ni siku ngapi za wiki ya kabla na ya baada ya sikukuu zimeangukia mwezi huu? Idadi ya siku ndiyo iingie kwenye modeli, si ndiyo au hapana.

Usisahau Februari. Siku ya 29 peke yake inaongeza asilimia 3.6 ya siku za mwezi. Ukuaji wa asilimia 3 katika Februari ya mwaka mrefu ni kupungua kulikovaa kanzu. Gawa kwa siku kwanza, kisha ulinganishe.

Makosa yako ya kiangazi yanakua kila mwaka

Pengine unajumlisha msimu pale unapopaswa kuuzidisha, yaani unadhani kiangazi kinaongeza idadi ileile kila mwaka, wakati kinaongeza uwiano uleule. Mfululizo maarufu kuliko yote katika fani hii, ule wa abiria wa kimataifa wa ndege uliotumiwa na wanatakwimu Box na Jenkins, unaonyesha jambo hili waziwazi. Una miezi 144, kuanzia Januari 1949 hadi Desemba 1960, kwa maelfu ya abiria. Mwaka 1949 mwezi wa chini ulikuwa 104 na wa juu 148, pengo la 44. Mwaka 1960 wa chini ulikuwa 390 na wa juu 622, pengo la 232. Ukitazama pengo, msimu umekua zaidi ya mara tano. Ukitazama uwiano, umetoka 1.42 kwenda 1.59 tu. Chukua logariti na sehemu kubwa ya tatizo inaisha.

Mwaka 2020 umeharibu kila kitu

Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, abiria duniani walishuka kutoka takriban bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi bilioni 1.8 mwaka 2020. Anguko la asilimia 60 linahitaji kupanda kwa asilimia 150 ili kurudi ulipokuwa, na modeli iliyofundishwa kwa asilimia za mwaka hadi mwaka itaamini kwamba mipando ya namna hiyo ni jambo la kawaida.

Wapo wanaoifuta miezi hiyo. Sipendi, kwa sababu ukiifuta unaunganisha 2019 na 2022 kana kwamba watu ni walewale, na sivyo: safari za ndani zilirudi mapema, za masafa marefu zikachelewa, na kitovu kinachotegemea masafa marefu kikachelewa pamoja nazo. Ninachofanya ni kuiwekea miezi ile vigezo vyake maalumu ili isiuburute mwelekeo, kisha naupima mgawanyo wa msimu kabla na baada kwa mistari miwili tofauti. Kama imeachana, naanza upya na data za baada, chache kama zilivyo.

Na usipime kosa kwa wastani wa asilimia katika kipindi hicho. Mwezi wa Aprili 2020 baadhi ya viwanja vilikaribia sifuri; ukigawa kwa sifuri-na-kitu unapata kosa la maelfu ya asilimia linalomeza miezi mingine yote. Jumlisha makosa yote bila kujali alama ya kujumlisha au kutoa, gawa kwa jumla ya abiria.

Modeli ilikwenda vizuri miaka kumi, kisha ikavunjika kwa mwaka mmoja

Hapa ndipo penye nyama, nami nitakaa.

St. Louis mwaka 2000 ilikuwa na abiria zaidi ya milioni 30, kwa sababu ilikuwa kitovu cha shirika la ndege la TWA. American Airlines ikainunua TWA mwaka 2001, ikapunguza safari kwa wingi mwaka 2003, na kufikia 2004 abiria walikuwa chini ya nusu ya ile idadi. Njia mpya ya kurukia, iliyogharimu zaidi ya dola bilioni moja, ilifunguliwa mwaka 2006. Pittsburgh ilijengewa jengo jipya la abiria mwaka 1992 likiwa limekusudiwa kitovu cha USAir, baadaye US Airways. Shirika lilipoondoa kitovu hicho mwaka 2004, uwanja uliozoea abiria wapatao milioni 20 ukateremka hadi takriban milioni 8 kufikia 2010. Cincinnati ilipita njia hiyohiyo na Delta.

Hakuna kati ya miji hii uliopoteza nusu ya watu wake wala nusu ya uchumi wake. Abiria wa mji walibaki, wengi wao angalau. Aliyeondoka ni yule mwingine.

Jinsi kosa linavyoingia: mchambuzi anachora mstari kati ya pato la taifa na abiria wote, mstari unakaa vizuri, kwa sababu katika miaka mizuri shirika linaongeza safari wakati uchumi nao unapanda. Vitu viwili vinakwenda pamoja bila kimoja kukiendesha kingine. Chukua uwanja wa kubuni wenye abiria milioni 10, milioni 4 kati yao wakiwa wa kuunganisha. Modeli ya mstari mmoja, uchumi ukisukuma kwa asilimia 5, inasema milioni 10.5. Sasa tenganisha. Wa mji wanakuwa milioni 6.3. Shirika linaondoa ndege tatu kati ya kumi na tano, na tuseme wa kuunganisha wanapungua kwa asilimia 20, hadi milioni 3.2. Jumla milioni 9.5. Tofauti ni milioni moja nzima, na alama ya ukuaji imegeuka. Kwa kweli wa kuunganisha hupungua kuliko ndege zenyewe, kwa sababu kila mji unaoondolewa unakata jozi zake na miji mingine yote. Kitovu chenye miji 25 kinaunganisha jozi 300. Kikibaki na 20 kina jozi 190. Umepoteza mji mmoja katika mitano, na zaidi ya jozi moja katika kila tatu.

Kutenganisha mafungu mawili ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kuacha kutabiri fungu la kuunganisha kwa mstari wa mwelekeo, na kulifanyia uchunguzi kama daktari anayepima hatari. Mimi huuliza hivi. Je, shirika moja linabeba karibu wote? Je, shirika hilo lina kitovu kingine karibu kinachofanya kazi ileile? St. Louis ilikuwa jirani ya Chicago, ambako American ilikuwa na kitovu tayari. Pittsburgh ilikuwa na Philadelphia pembeni yake, chini ya shirika lilelile. Cincinnati ilijikuta na Detroit baada ya Delta kuungana na Northwest mwaka 2008. Na swali la tatu: abiria wa mji peke yao wanatosha kulisha safari ngapi? Kitovu chenye mji dhaifu chini yake ndicho kinachokatwa kwanza shirika linapobanwa, kwa sababu katika kila kiti cha pale anakalia mtu ambaye angeweza kuunganishwa kwingine.

Jibu la maswali hayo halikupi tarakimu moja. Linakupa picha mbili au tatu za baadaye, mojawapo ikiwa na fungu la kuunganisha lililokatwa hadi chini kabisa. Wakubwa hawapendi kuiona picha hiyo kwenye ripoti. Iweke.

Wakati mwingine kinachohama si shirika, ni jiografia yenyewe. Helsinki ilijengwa juu ya njia fupi kati ya Ulaya na Asia ya Mashariki kupitia anga la Urusi. Anga hilo lilipofungwa mapema 2022, safari ya Tokyo ikatoka saa 9 hivi hadi takriban saa 13, na faida ya kupitia Helsinki ikayeyuka. Ndege za masafa marefu zisizo kubwa sana, kama Boeing 787 iliyoanza kazi mwaka 2011, zinafanya hivyo polepole: zinaruka juu ya kitovu bila kutua.

Na kuna Mirabel, ambao kwangu ni mfano mchungu kuliko yote. Ulifunguliwa nje ya Montréal mwaka 1975 kwa matarajio makubwa. Safari za kimataifa zikapelekwa huko, isipokuwa za Marekani, ambazo pamoja na za ndani zikabaki Dorval, uwanja wa zamani. Kuunganisha kukawa ni kupanda basi kati ya viwanja viwili. Ndege nazo zikapata masafa marefu zaidi na kuacha kuhitaji kituo Montréal, na Toronto ikachukua nafasi. Safari za abiria Mirabel zilikoma mwaka 2004. Waliotabiri mahitaji ya eneo zima waliweza kuwa na hoja. Ila mahitaji yaligawanywa kwa namna iliyomfukuza abiria wa kuunganisha.

Modeli ya miunganisho inatoa safari ambazo hakuna binadamu angezikubali

Ukiisha kutenganisha mafungu, utataka kujenga miunganisho kutoka kwenye ratiba: kila ndege inayofika na kila inayoondoka. Matokeo ya kwanza huwa kichekesho, mtu anatoka mashariki kwenda mashariki kupitia magharibi na kusubiri saa kumi na nne.

Mizizi ni mitatu. Muda wa chini wa kuunganisha umewekwa mmoja kwa wote, wakati unatofautiana kwa uwanja, kwa jengo, na kwa safari ya ndani au ya kimataifa. Vienna imejinadi kwa dakika 25. Viwanja vikubwa vyenye majengo yaliyotawanyika huhitaji saa moja au zaidi. Nchini Marekani hata anayepita tu kati ya safari mbili za kimataifa kwa kawaida hupitia uhamiaji kwanza. Mzizi wa pili ni mzunguko: gawa urefu wa njia nzima kwa umbali wa moja kwa moja, na tupa zinazozidi kiwango fulani. Mimi huanza na 1.5 kwa masafa ya kati na kukaza zaidi kwa marefu. Wa tatu ni kuchanganya mashirika yasiyouziana tiketi.

Baada ya kuchuja, unagawa abiria kwa ubora wa kila njia. Mbinu ya zamani ni kielezo cha ubora wa huduma, QSI, kinachotoa alama kwa idadi ya safari, vituo, muda na ukubwa wa ndege. Mpya zaidi ni modeli za logiti, zinazokadiria uwezekano wa msafiri kuchagua kila njia. Dalili mahususi ya logiti ya kawaida: unaongeza safari ya pili ya shirika lilelile kupitia kitovu kilekile, dakika arobaini baadaye, nayo inanyang'anya abiria kwa uwiano sawa kutoka kila njia nyingine, hata ile ya moja kwa moja. Kwa uhalisi ingemnyang'anya zaidi pacha wake. Panga njia katika makundi, kitovu kwanza, kisha safari ndani ya kitovu.

Dalili moja hapa hudharauliwa. Jumla ya mwaka ya ndege haikubadilika, viti havikubadilika, ila wa kuunganisha wamepungua. Fungua ratiba ya saa kwa saa. Vitovu hufanya kazi kwa mawimbi: kundi linatua, watu wanabadilishana, kundi linaondoka. Ndege iliyokuwa ikitua saa 2:10 asubuhi na kukutana na wimbi la saa 3:00 ilikuwa na dakika 50. Ikisogezwa hadi 2:20 ina 40. Kama kiwango cha chini ni 45, miunganisho yake yote na wimbi lile imekufa kwa dakika kumi, na hakuna takwimu ya mwaka itakayokuonyesha. Nilipoteza siku mbili nikitafuta maelezo ya uchumi kwa kitu cha namna hii.

Mawimbi hayohayo ndiyo sababu jengo linafurika wakati utabiri wa mwaka ni sahihi. Foleni haijui wastani. Tabiri saa yenye shughuli kutoka kwenye ratiba, si kwa kugawa mwaka kwa 8,760.

Mstari umelala, ingawa kila mtu anajua watu wanataka kusafiri

Umetabiri uwezo ukidhani ni mahitaji. Heathrow, London, ina ukomo wa miruko 480,000 kwa mwaka, kupaa na kutua kwa pamoja, sharti lililokuja na kibali cha jengo la tano mwaka 2001. Historia yake ya miruko ni historia ya sharti. Hata hivyo abiria walipanda kutoka takriban milioni 67 mwaka 2008 hadi karibu milioni 81 mwaka 2019, kwa ndege kubwa zaidi na zilizojaa zaidi. Ukomo ukibana, abiria wa kuunganisha ndiye anayesukumwa nje, kwa sababu anayo njia nyingine na bei ikipanda ataitumia.

Kinyume chake ni makadirio yasiyoweza kubebeka. Jaribio lake ni la dakika moja: chukua abiria milioni 12 wa mwaka uliotabiriwa, gawa kwa viti 150 vilivyojaa kwa asilimia 82, yaani watu 123 kwa ndege. Unapata miruko takriban 97,600, kama 267 kwa siku. Je, njia ya kurukia, maegesho na saa za kazi zinaikubali?

Majaribio yanatoa kosa la asilimia 2, kazini asilimia 9

Umeipa modeli majibu. Ulipoijaribu kwa miaka iliyopita ulitumia pato la taifa lililokuja kuthibitishwa baadaye, na ratiba iliyoruka kweli. Siku ya kutabiri hukuwa na hivyo. Ulikuwa na makadirio ya uchumi na ratiba ambayo nusu yake ingebadilishwa. Rudia jaribio kwa kile tu kilichojulikana tarehe ile, ukisogea mwezi kwa mwezi. Pembeni weka mshindani mjinga, mwezi huohuo wa mwaka jana mara ukuaji wa karibuni. Modeli isiyomshinda huyo haistahili mkutano.

Makadirio yako huwa juu, hayajawahi kuwa chini

Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na anayelipia utabiri wa jengo jipya kwa kawaida anataka jengo jipya. Lakini hata bila shinikizo, riba ya mrundiko inatosha kupotosha: asilimia 4 kwa miaka 20 inakuza abiria mara 2.2, asilimia 6 inawakuza mara 3.2. Pointi mbili zilizowekwa kwa moyo mkunjufu zinazaa uwanja mwingine mzima wa ukubwa wa leo. Aghalabu chanzo ni mnyumbuko wa mahitaji kwa kipato, yaani kiasi ambacho safari huongezeka kipato kikiongezeka, uliopimwa wakati soko lilikuwa changa na kubebwa hivyohivyo hadi mwisho, ilhali soko likikomaa hushuka.

FAA ina kipimo kinachofaa kuazimwa: utabiri wa uwanja hulinganishwa na ule wa mamlaka, na huhesabika kuwa unakubaliana nao ukiwa ndani ya asilimia 10 kwa miaka mitano na asilimia 15 kwa miaka kumi. Ukitoka nje ya hapo unaeleza kwa nini. Maelezo ya "tutakuwa kitovu" yasipokelewe bila jina la shirika, idadi ya ndege litakazolaza hapo usiku, na msimu wa ratiba ambao wimbi la kwanza litaonekana. Misimu ya ratiba hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mpaka wimbi hilo lionekane kwenye ratiba iliyowasilishwa, fungu la kuunganisha kwenye safu ya kwanza ya jedwali libaki lilivyo, na ndoto iwekwe kwenye safu ya pembeni.